Mtu wa Kwanza wa Selimundu Alikuwa na Kazi

Ukitafuta historia ya selimundu, karibu kila mahali utaanzishiwa na jina la daktari. James Herrick, Chicago, 1910. Ndiye aliandika kwenye jarida la madaktari ripoti ya mgonjwa ambaye chembe nyekundu za damu yake zilikuwa zimejikunja kama mundu, na hapo ndipo jina la ugonjwa lilitoka. Na mgonjwa mwenyewe? Kwenye ripoti hana jina. Ni kijana mweusi wa miaka 20, mwanafunzi, basi, tunaendelea na mambo ya hadubini.

Mimi nataka tuanze na huyo kijana. Niko na selimundu, niko na miaka 23, natafuta kazi, na venye hii historia husimuliwa hunikera kidogo.

Anaitwa Walter Clement Noel. Alitoka Grenada, kisiwa kidogo huko Karibi, familia yao ikiwa na mashamba. Mwaka 1904 akasafiri kwa meli hadi Marekani kusomea udaktari wa meno Chicago. Mwezi wa Desemba hata haujaisha, akajikuta hospitalini, kifua kimembana na pumzi haishuki. Daktari kijana aliyekuwa zamu, Ernest Irons, ndiye aliangalia damu yake na kuona zile chembe za ajabu. Irons akamwonyesha mkubwa wake, Herrick. Kwa karibu miaka miwili na nusu walimwona Noel akiingia na kutoka: mara kifua, mara maumivu, mara homa. Mguuni alikuwa na makovu ya vidonda, na hiyo mtu yeyote wa selimundu akisoma anajua tu ni nini.

Sasa hii ndiyo sehemu yenye watu hawasemi. Noel alimaliza shule. Mwaka 1907 alipata karatasi yake pamoja na wenzake, akarudi Grenada, akafungua kliniki ya meno mjini St George's, akang'oa watu meno mpaka 1916, wakati nimonia ilimmaliza akiwa na miaka 32. Ripoti ya Herrick ilipotoka mwaka 1910, yule kijana ambaye hakutajwa jina alikuwa kazini, labda dakika hiyo ameinama juu ya mdomo wa mtu. Jina lake halikujulikana sana mpaka 1989, wakati wanahistoria walifukua habari zake na kuzichapisha.

Kwa hivyo mtu wa kwanza kuandikwa kuwa na huu ugonjwa alikuwa mtu mwenye kazi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili juu nilikosa mitihani mob nikiwa wodini, kwa hivyo unaweza kuelewa kwa nini nilikaa na hiyo habari siku mzima. Lakini tusidanganyane. Noel alikuwa mtoto wa watu wenye mali. Hakuna mtu alimwajiri. Hakujaza fomu, hakukuwa na mtu wa rasilimali watu wa kumuuliza kwa nini hakufika Jumanne. Akiamka vibaya, anafunga mlango na wagonjwa wanarudi kesho. Hiyo tofauti ya kujiajiri na kuajiriwa iweke akilini, tutairudia.

Kabla sijaenda mbali, na hii ni muhimu: Herrick hakugundua ugonjwa. Aligundua umbo la chembe. Ghana, Wagaa walikuwa na jina la huu ugonjwa, chwechweechwe, na daktari Felix Konotey-Ahulu, ambaye ni wa huko, alifuatilia wagonjwa ndani ya ukoo wake mwenyewe mpaka miaka ya 1600. Watu walijua kuna watoto mifupa yao inauma msimu wa mvua na baridi, na kwamba inatembea na damu ya familia. Kile hawakuwa nacho ni hadubini.

Kwetu hapa, hadubini ilikuja na mtu wa Gilgil. Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini lakini alikulia Gilgil, kwenye shamba la wazazi wake. Mwaka 1949, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari Oxford, alirudi na msafara wa chuo uliokuja Mlima Kenya, akazunguka akikusanya damu za makabila tofauti. Alichokuta ni hiki: karibu na Pwani na karibu na Ziwa Victoria, zaidi ya asilimia 20 ya watu wa makabila mengine walibeba hiyo seli, na kwa watu wa nyanda za juu hata asilimia 1 haikufika. Mahali kuna mbu wengi, kuna selimundu. Mahali kuna baridi, hakuna. Akaunganisha na malaria, akarudi 1953 kupima, na mwaka 1954 akachapisha.

Hapa niwaeleze haraka, juu watu huchanganya na huo mchanganyiko ndio umeharibia watu kazi, kama mtakavyoona. Ukirithi hiyo seli kutoka kwa mzazi mmoja tu, wewe ni AS. Si mgonjwa. Unaishi maisha yako na tena una kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ukirithi kutoka kwa wazazi wote wawili, wewe ni SS, na hiyo ndiyo mimi.

Kuna jaribio moja Allison alifanya ambalo hunitoka akilini kwa shida. Alichukua wanaume 30 Wajaluo, waliokuwa wamekaa mbali na sehemu za malaria kwa zaidi ya mwaka. 15 walikuwa AS, 15 hawakuwa. Wote wakaambukizwa malaria makusudi. Kati ya wale wasio na seli, 14 walishikwa. Kati ya wale wa AS, ni 2 tu. Ni jaribio ambalo limenukuliwa kila mahali duniani, liko kwenye kila kitabu cha jenetiki. Majina ya hao watu 30 mimi sijawahi kuona mahali. Mjaluo mwanaume aliyekaa mbali na ziwa zaidi ya mwaka, miaka ya 1950, kuna uwezekano mkubwa alikuwa ametoka nyumbani kutafuta kazi. Hiyo ni kukisia kwangu, lakini ni kukisia kwa mtu anayetoka upande huo.

Na kusema ukweli, mwili wa mtu mweusi kupimwa kabla ya kazi halikuwa jambo geni hapa. Mwaka 1917, Waingereza wakitafuta wabebaji wa mizigo wa kwenda kupigana na Wajerumani Tanganyika, walikusanya vijana kwa maelfu chini ya John Ainsworth, na madaktari wakawachambua: huyu anafaa, huyu hafai. Wengi walikataliwa. Jina la Kariakor pale Nairobi limetoka kwa hao wabebaji. Kejeli ni kwamba wale "waliofaa" walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, nimonia na malaria. Aliyeambiwa hafai ndiye alirudi kwao mzima. Lakini kile kitendo, cha daktari wa mwajiri kusimama mlangoni, kilibaki.

Twende Marekani sasa, juu huko ndiko selimundu na ajira ziligongana waziwazi, na kuna stori za kushangaza.

Kati ya 1968 na 1969, vijana wanne weusi waliokuwa wameingia jeshi walikufa wakiwa mazoezini Fort Bliss, Texas. Walipochunguzwa, walikutwa ni AS. Habari ikachapishwa 1970: ati seli yao pamoja na urefu wa mahali kutoka baharini ndio uliwaua. Urefu wenyewe ulikuwa mita 1,240 hivi. Msee, Kisumu iko zaidi ya mita 1,100. Nairobi imepita 1,600. Kama huo urefu peke yake ungekuwa unaua watu wa AS, Kaloleni na Makongeni zingebaki bila mtu. Wale vijana walikufa kweli, na joto na mazoezi makali ni mambo ya kuchukuliwa kwa uzito. Lakini waajiri hawakusoma hiyo sehemu. Walisoma: hii damu ni hatari, usiwape kazi.

Wakati huohuo selimundu ikawa siasa. Black Panther walianza kupima watu bure mitaani mwaka 1971, juu serikali ilikuwa imepuuza huo ugonjwa. Mwaka 1972 Rais Nixon akatia sahihi sheria ya kitaifa ya kudhibiti selimundu, pesa zikatoka, na miaka hiyohiyo majimbo kadhaa yalilazimisha watu weusi kupimwa. Nia ilikuwa nzuri, angalau kwa wengine. Lakini fikiria kinachotokea ukipima maelfu ya watu halafu huna tiba, na hujafundisha mtu yeyote tofauti ya AS na SS. Unabaki na orodha. Na orodha ya watu ikishakuwepo, mwajiri atataka kuiona.

Mashirika ya ndege yakaanza kuwakataa watu wa AS au kuwaondoa kwenye kazi za angani. Chuo cha Jeshi la Anga huko Colorado kilikataa wanafunzi wa AS kabisa, na kuna waliofukuzwa wakiwa tayari ndani, vijana wazima waliokimbia na kuogelea na kupita kila mtihani. Iliwachukua kwenda kortini, na marufuku ikaondolewa 1981. Kampuni ya DuPont ilikuwa inapima wafanyakazi wake weusi, na umma ulipojua mwaka 1980 kelele zikawa nyingi. Ile kampuni ilijitetea kwamba wafanyakazi weusi wenyewe ndio waliomba. Hata kama ni hivyo, kuomba upimwe ujue hali yako ni tofauti na mwajiri kuweka majibu kwenye faili lako.

Halafu kuna hii ya Lawrence Berkeley, maabara kubwa ya utafiti huko California. Wafanyakazi wa ofisini, makarani, watu wa kupiga chapa na kujibu simu, walikwenda kupimwa afya kabla ya kuanza kazi. Wakatoa damu na mkojo. Hawakuambiwa vinapimwa nini. Baadaye wakagundua kwamba walikuwa wanapimwa kaswende, wanawake wanapimwa mimba, na weusi wanapimwa selimundu. Kortini walishinda hoja kubwa mwaka 1998, kwamba kukubali kutoa damu si kukubali kila kitu kinachoweza kupimwa ndani yake. 1998, manze. Wakati huo dunia inajiandaa kwa mwaka 2000, na karani bado yuko kortini juu alipimwa chembe za damu ndio apate kukaa kwa dawati.

North Carolina ilikuwa imeshaona mapema. Mwaka 1975 walipitisha sheria ya kukataza kumnyima mtu kazi kwa sababu ya AS. Lakini angalia vizuri hiyo sheria inamlinda nani. Inamlinda mtu wa AS, yaani mtu mzima kiafya. Hata sheria kubwa ya kitaifa ya mwaka 2008 ya kukataza ubaguzi wa jenetiki kazini, ambayo inaitaja selimundu kwenye utangulizi wake, inahusu zaidi kile kilicho kwenye jeni zako, si ugonjwa ambao tayari unakuuma. Mapigano yote yale yalikuwa ya kusema: "Huyu hana ugonjwa, mpe kazi." Ni mapigano ya haki na nafurahi walishinda. Lakini mimi niko na ugonjwa. Swali la mtu ambaye anao kweli, na bado anataka kazi, waliliruka.

Na kuna sababu liliruka. Wakati huo watu wa SS hawakutarajiwa kufika umri wa kutafuta kazi. Miaka ya 1970 huko Marekani kwenyewe, madaktari walikuwa wanahesabu maisha ya mtu wa SS kwa miaka kumi na kitu. Kufika 1994, utafiti mkubwa ukaonyesha wanaume wanafika 42 kwa wastani na wanawake 48. Kilichobadilika si muujiza. Ni penisilini kwa watoto, ni kupima mtoto akizaliwa, ni kuongezewa damu salama. Halafu mwaka 1995 ikaonekana kwamba haidroksiyurea, dawa ya saratani ya zamani, inapunguza mashambulio ya maumivu karibu nusu, na 1998 Marekani ikaikubali rasmi kwa watu wazima.

Huku kwetu tulingoja. Afrika wengi walikuwa wanakufa kabla ya miaka 5, wengine hata bila kujulikana wana nini. Kaburi linaandikwa malaria ama haliandikwi kitu. Na kwa sababu ya malaria, madaktari waliogopa kwamba haidroksiyurea inaweza kudhuru watoto wa Kiafrika. Ilibidi jaribio lifanywe hapahapa: watoto 606, kwenye vituo vinne, Kinshasa, Luanda, Mbale kule Uganda, na Kilifi kwetu. Majibu yalitangazwa Desemba 2018. Dawa ilikuwa salama, maumivu yalipungua, malaria ilipungua, vifo vilipungua. Miaka 20 kamili baada ya Marekani.

Sasa unganisha hizo tarehe na umri wangu. Mimi naona sisi ndio kizazi cha kwanza Kenya ambapo watu wengi wa SS wanafika miaka 20 na kitu wakiwa na nguvu ya kufanya kazi, wakiwa na dawa mfukoni na CV mkononi. Babu zetu wa SS hawakuacha mfano wa kazi, juu hawakufika. Kwa hivyo mtu wa rasilimali watu akiniona na kushangaa, kuna namna anashangaa kihalali. Hajawahi kukutana na mtu kama mimi upande ule wa meza.

Lakini sheria nayo haijakutana na sisi, na hapo siisamehei. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inasema usibaguliwe kwa hali yako ya afya. Imeandikwa, iko. Ukishuka kwenye Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, orodha inataja ulemavu, hali ya akili na hali ya virusi vya Ukimwi. Selimundu, kisukari, figo, kifafa: itabidi ujipenyeze chini ya neno "ulemavu" ama urudi kwa Katiba na wakili. Ukimwi ulitajwa kwa jina juu watu wanaoishi na virusi walipigania hiyo nafasi. Walikuwa na sheria yao nzima ya mwaka 2006, inayokataza kumlazimisha mtu apimwe ndio apate kazi, na ikaunda mahakama maalum ya kusikiza kesi zao. Siwaonei wivu, najua walizika wangapi kufika hapo. Nasema tu kwamba haki hiyo haikushuka kama mvua. Kuna watu waliisukuma.

Halafu kuna kifungu cha 30, likizo ya ugonjwa. Hiki ndicho kila mtu mwenye ugonjwa wa kudumu anafaa kukisoma kabla ya kutuma maombi popote. Kwanza, unaanza kukipata baada ya miezi 2 mfululizo kazini. Pili, unapata angalau siku 7 za malipo kamili na siku 7 za nusu malipo, kwa mwaka. Tatu, lazima ulete karatasi ya daktari kwamba huwezi kufanya kazi.

Piga hesabu na mimi. Nikitumia haidroksiyurea, damu yangu lazima iangaliwe mara kwa mara, na kliniki yangu ni kila mwezi. Hizo ni siku 12 kwa mwaka kabla hata mfupa mmoja haujauma. Na siku ya kliniki mimi si mgonjwa! Ninatembea, ninacheka, napanga foleni kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Daktari ataniandikia vipi kwamba siwezi kufanya kazi? Hiyo sheria imeandikwa kwa mtu anayeugua ghafla, anapona, anarudi. Mtu wa homa ya matumbo. Mtu anayejitibu ndio asiugue, huyo hakufikiriwa. Na ile miezi 2 ya kwanza, pamoja na muda wa majaribio ambao mwajiri anaweza kukuachisha kwa notisi ya siku 7, ndiyo miezi ambayo mwili unazoea kuamka alfajiri, kusimama kwa matatu, kiyoyozi cha ofisi kinakupulizia mgongoni. Baridi kwetu si jambo dogo.

Mwaka jana nilifika raundi ya mwisho ya kazi fulani, kampuni siitaji. Kupokea simu za wateja, kazi ya kukaa, ile kila mtu huniambia nitafute. Fomu ya mwisho ilikuwa na swali: "Je, una ugonjwa wowote wa kudumu? Ndiyo/La." Niliweka tiki kwa Ndiyo na nikaeleza kwa mistari miwili. Yule dada aliyenihoji alikuwa mpole sana, akaniuliza, "Na ukiugua zamu ya usiku, nani atashika simu yako?" Nikamjibu, "Yule yule atakayeshika mwingine akipata homa." Akacheka. Sikuitwa. Sina ushahidi ilikuwa ni ile tiki, na hapo ndipo ujanja wote ulipo, juu wale makarani wa California walishinda kwa sababu kulikuwa na chupa ya damu na karatasi ya maabara. Mimi niko na ukimya wa simu tu.

Wengi huniuliza kama nitajaza Ndiyo tena. Mamangu anasema hapana, nipate kazi kwanza, waniujue kabla waujue ugonjwa. Ana hoja. Msimamo wangu ni kwamba kwa fomu ya maombi, kabla ya kupewa kazi, hilo swali halina kazi pale na halifai kujibiwa. Mwajiri aniulize kama naweza kupokea simu 60 kwa zamu, nimwambie ukweli. Nikishapewa barua, hapo nitasema mwenyewe, kwa maandishi, niombe siku ya kliniki niifidie Jumamosi. Kusema ni kwa faida yangu pia. Ukianguka ofisini na hakuna anayejua wewe ni SS, watakupa maji ya baridi na kukupepea.

Wengine watasema si ujiajiri kama Noel, si uko na kamera. Na kweli, nusu ya video mnazoona nimezihariri nikiwa kitandani, chupa ya maji ya moto kwa paja. Lakini angalia kitu kama SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara, kidogo kidogo, kila mwezi, hata hasikii. Asiye na mshahara anatakiwa kulipa mwaka mzima kwa mara moja. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, kwa hivyo 3,600 mezani, na wengi wanapangiwa zaidi. Kuna mpango wa kukopeshwa hiyo pesa ulipe polepole, yaani unaanza mwaka na deni ndio uruhusiwe kuugua. Kwangu mimi kazi ya kuajiriwa si heshima wala si kumfurahisha mzee wangu. Ni tofauti ya dawa kuwa zimekatiwa na dawa kutafutwa.

Desemba 2023 Marekani ilikubali tiba mbili za kurekebisha jeni za selimundu. Bei ya moja ni dola milioni 2.2, nyingine milioni 3.1. Nafurahia sayansi, kweli, na Allison angefurahi. Lakini mimi sijangoja hiyo. Nimeandika barua kwa mbunge wetu, ya ukurasa mmoja, kuhusu kifungu cha 30: mistari miwili tu iongezwe, kwamba siku ya matibabu ya ugonjwa wa kudumu ihesabiwe kama likizo hata kama mtu hajalala kitandani, na ianze siku ya kwanza kazini. Ofisi ya eneo bunge imepiga muhuri wa kupokea. Nakala yake nimeibandika kwa bio, mwenye anataka kuibadilisha jina na kuipeleka kwa mbunge wake achukue. Na mwajiri mwenye anatafuta mtu wa kuhariri video, CV iko hapohapo chini yake. Kliniki yangu ni Alhamisi ya pili ya mwezi.